Namna ya kuchagua na kuandaa polima kwa kifaa cha tiba: mwongozo kamili, kutoka punje ya malighafi hadi kifaa kilichotakaswa

Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari wa mifupa wa Uingereza, John Charnley, alipokuwa akitafuta kitu cha kutengenezea kikombe cha nyonga ya bandia, alichagua politetrafluroethilini, plastiki inayoteleza kuliko karibu nyingine zote. Hoja yake ilikuwa na mantiki, kwa kuwa kiungo cha mwili huhitaji msuguano mdogo. Hata hivyo, vikombe vile vililika ndani ya miaka michache, na unga uliotokana na kulika huko ukachokoza tishu za wagonjwa, ikabidi wapasuliwe upya. Mwaka 1962 Charnley alihamia kwenye polietilini yenye minyororo mirefu mno, ambayo haitelezi kama ile ya kwanza lakini hustahimili kusagwa, nayo ndiyo ambayo, ikiwa imeboreshwa, hutumika katika nyonga na magoti ya bandia hadi leo.

Mwongozo huu umesimama juu ya hoja moja: jina la polima, yaani nyenzo kama plastiki iliyoundwa kwa minyororo mirefu ya molekuli, halitoshi kueleza kama inafaa. Kinachokutana na mwili wa mgonjwa ni kifaa kilichokamilika, yaani polima pamoja na viambato vyake, joto ililopitishwa wakati wa kuumbwa, njia iliyotumika kuua vijidudu vyake na miezi iliyokaa ghalani, na lolote kati ya hayo laweza kuibadili. Hatua zinazofuata zimekusudiwa mwanafunzi wa uhandisi tiba, mtafiti wa maabara na mbunifu wa vifaa. Ili zisielee hewani, nitarejea kwenye mfano mmoja: skrubu ndogo inayobana kano iliyopandikizwa ndani ya tundu la mfupa wa goti, ambayo inatakiwa iyeyuke yenyewe baada ya kazi yake kwisha.

Hatua ya 1: Andika mazingira kabla ya kutaja polima yoyote

Anza na ukurasa mmoja unaoeleza kifaa kitagusa nini, kwa muda gani na kitabeba mzigo gani. Kugusa ngozi isiyo na jeraha ni jambo jepesi likilinganishwa na kugusa damu inayozunguka, na kugusa kwa dakika kumi si sawa na kuishi ndani ya mfupa. ISO 10993, mfululizo wa viwango vya kimataifa unaoongoza tathmini ya kibayolojia ya vifaa vya tiba, hugawa muda wa mgusano katika makundi matatu: hadi saa 24, zaidi ya saa 24 hadi siku 30, na zaidi ya siku 30. Kundi utakaloangukia ndilo litakaloamua ukubwa wa kazi ya vipimo iliyo mbele yako, kwa hiyo ni busara kulijua tangu mwanzo.

Upande wa mzigo, maneno kama "imara" na "laini" yasiingie kwenye ukurasa huo, weka tarakimu. Ukakamavu wa tabaka gumu la mfupa ni takriban gigapaskali 10 hadi 20. Polietha-etha-ketoni ina 3 hadi 4, akriliki ya saruji ya mfupa ina 2 hadi 3, polietilini ya nyonga huzunguka 1, silikoni huhesabiwa kwa megapaskali chache, na haidrojeli nyingi, yaani polima laini zinazoshika maji, hushuka hadi kilopaskali. Tofauti hizi ni kubwa kiasi kwamba tarakimu moja iliyoandikwa mapema huondoa nusu ya orodha bila jaribio lolote.

Kisha eleza majimaji. Watu wengi huandika nyuzijoto 37 za Selsiasi na pH 7.4 wakaishia hapo, kana kwamba mwili ni ndoo ya maji ya chumvi. Mwili una mafuta, una vimeng'enya, na una seli za kinga zinazong'ang'ania uso wa kitu kigeni na kumwaga juu yake asidi na kemikali za oksijeni zenye ukali. Vali ya moyo ya Starr-Edwards, iliyoanza kutumika mwaka 1960, ilikuwa na mpira wa silikoni ndani ya kizimba cha chuma. Katika baadhi ya vali za awali mpira huo ulifyonza mafuta ya damu, ukavimba na kupasuka. Silikoni hiyohiyo ingekaa katika maji ya chumvi kwa miaka bila dosari.

Hatua ya 2: Amua kama kitabaki au kitayeyuka

Hili ndilo panda la njia, na ndipo makosa mengi huanzia. Polima za kutengenezwa zinazoyeyuka mwilini ambazo zimetumika kwa muda mrefu zaidi ni za jamii ya poliesta: asidi ya poliglikoliki, asidi ya polilaktiki, mchanganyiko wa hizo mbili, polidioksanoni na polikaprolaktoni. Zote huvunjwa na maji. Molekuli ya maji hukata kiungo cha esta katikati ya mnyororo, minyororo hufupika, na vipande vikishakuwa vidogo vya kutosha huyeyuka na kuondolewa na mwili.

Mambo matatu hudhibiti kasi ya mkato huo. La kwanza ni kiasi cha maji kinachoweza kupenya: asidi ya poliglikoliki hupenda maji kuliko asidi ya polilaktiki, ambayo ina kikundi cha methili kinachoyafukuza. Uzi wa kushonea wa asidi ya poliglikoliki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya wiki tatu hadi nne na kumalizika kufyonzwa katika miezi miwili hadi mitatu, ilhali asidi ya polilaktiki ya aina ya L huchukua zaidi ya miaka miwili, na polikaprolaktoni nayo ni ya miaka. Ukichanganya laktiki na glikoliki nusu kwa nusu, unapata kitu kinachoisha upesi kuliko asidi ya polilaktiki, kwa kawaida mwezi mmoja hadi miwili, kwa sababu mchanganyiko huvuruga mpangilio wa fuwele na kuyafungulia maji njia. La pili ni hizo fuwele zenyewe: maji hushambulia kwanza sehemu zisizo na mpangilio, kisha fuwele hubaki kama kokoto zinazoweza kuchokoza tishu muda mrefu baada ya kifaa kupoteza umbo.

La tatu halitarajiwi na wengi, nalo ni unene. Mkato wa esta huzaa asidi, na asidi huharakisha mkato zaidi. Katika kipande chembamba asidi hutoroka nje. Katika kipande kinene hunaswa katikati, na kiini huoza haraka kuliko gamba. Ndiyo maana skrubu nene inaweza kuonekana nzima kwa nje ilhali ndani imekuwa uji, na siku gamba linapopasuka, asidi iliyokusanyika humwagika kwa mkupuo kwenye mfupa ulio jirani. Kwa hiyo data ya utando mwembamba wa maabara isitumiwe kutabiri maisha ya skrubu.

Kumbuka pia mfuatano wa upotevu: kwanza hupungua uzito wa molekuli, kisha nguvu, na mwisho kabisa ndipo hupungua uzito unaopimwa kwa mizani. Kifaa kinaweza kubaki na uzito wake karibu wote na bado kisiweze kubeba mzigo. Swali la mbunifu, basi, si "kinaisha lini" bali "kinashikilia nguvu hadi lini". Kwa skrubu ya goti, kano inahitaji miezi kadhaa ili ishikane na mfupa, jambo linaloondoa asidi ya poliglikoliki mara moja. Asidi ya polilaktiki ya L pekee ingetosha kwa nguvu, lakini fuwele zake ni tatizo. Mchanganyiko wa laktidi ya L na laktidi ya DL (laktidi ni malighafi ya asidi ya polilaktiki, na herufi hizo hutaja mpangilio wa molekuli zake) kwa uwiano wa 70 kwa 30 hushikilia nguvu kwa miezi bila kuacha fuwele nyingi, na ndio ningeanza nao.

Kwa vifaa vya kubaki, usidhani umeponyoka. Poliuretani zenye viungo vya esta hukatwa na maji, na zile za etha zilizochaguliwa ili kuepa maji zilionekana kupasuka kwa oksidisho kwenye nyaya za vidhibiti mapigo ya moyo. Hata nailoni hupoteza nguvu polepole mwilini. Hakuna polima isiyobadilika humo. Zipo zinazobadilika kwa mwendo unaovumilika.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha fupi

Orodha yenye polima mbili au tatu inatosha. Kwa viungo vinavyosuguana, polietilini ya minyororo mirefu mno haijapata mpinzani wa kweli. Kwa lenzi za ndani ya jicho, akriliki ndiyo iliyofungua njia: Harold Ridley, daktari wa macho wa London, aligundua kwamba vipande vya plastiki hiyo kutoka kwenye vioo vya ndege za vita vilikaa ndani ya macho ya marubani bila kuyachokoza sana, na mwaka 1949 akapandikiza lenzi ya kwanza. Kwa lenzi laini za kuvaa, haidrojeli ya hidroksiethili methakrilati, iliyobuniwa na Otto Wichterle na Drahoslav Lím katika iliyokuwa Chekoslovakia, ilionyesha kwamba polima inaweza kushika maji mengi na kubaki na umbo lake.

Damu ni somo gumu zaidi. Ndani ya sekunde chache tangu kuguswa, uso wa plastiki yoyote hufunikwa na protini, na seli hukutana na tabaka hilo badala ya plastiki yenyewe. Mishipa ya bandia ya poliesta ya aina isiyoyeyuka, iliyofumwa, au ya politetrafluroethilini iliyotanuliwa hufanya kazi vizuri katika mishipa mikubwa, lakini kipenyo kikishuka chini ya milimita 6 hivi, damu huganda na kuziba. Usiahidi mshipa mwembamba kwa sababu tu nyenzo yake imefaulu katika mshipa mpana.

Kisa cha mifuko ya damu nacho kinafundisha. Mifuko hiyo imetengenezwa kwa polivinili kloridi iliyolainishwa kwa fthalati, na kilainishaji hicho huvujia ndani ya damu, jambo lililozua hofu ya haki kwa wachanga na wajawazito. Lakini kilainishaji hichohicho huingia kwenye utando wa chembe nyekundu na kuzisaidia kudumu wakati wa kuhifadhiwa. Anayekiondoa bila kuweka kingine kinachofanya kazi hiyo hupata mfuko safi zaidi wenye damu inayoharibika upesi.

Hatua ya 4: Chagua njia ya utakasaji sasa hivi, si mwishoni

Kutakasa, kwa maana ya kuua vijidudu vyote pamoja na mbegu zao sugu, ndiko kunakoua miradi mingi iliyokwisha kusifiwa. Mbunifu hukamilisha umbo, hupima nguvu, hupima seli, kisha siku ya mwisho anagundua kwamba hakuna njia ya kukitakasa kifaa bila kukiharibu.

Mvuke kwenye otoklevu, yaani chombo cha mvuke wenye shinikizo, kwa nyuzi 121 kwa angalau dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika 3, ni njia rahisi na isiyoacha sumu. Silikoni, polietha-etha-ketoni na politetrafluroethilini huivumilia, na polipropilini nayo huhimili nyuzi 121. Skrubu yetu haiwezi: asidi ya polilaktiki huacha ugumu wake wa kioo na kulegea kuanzia nyuzi 55 hadi 65, kwa hiyo itapinda, na mvuke utaanza kukata esta kabla kifaa hakijaondoka kiwandani.

Mnururisho wa gama, ambao kipimo chake cha kawaida ni kilogrei 25, hupenya hadi ndani ya kifungashio kilichofungwa. Ubaya wake ni kwamba hukata minyororo au kuifungamanisha, kutegemea polima. Politetrafluroethilini huharibika vibaya. Polipropilini isiyo na kinga hukatika kama biskuti baada ya miezi. Poliesta zinazoyeyuka hupoteza sehemu ya uzito wa molekuli papo hapo. Polietilini ya nyonga ilitoa somo ghali zaidi. Kwa miaka mingi ilinururishwa ikiwa imefungwa pamoja na hewa. Mnururisho uliacha chembe huru zenye uchu wa kuungana na kitu, oksijeni ikaingia taratibu na kuungana nazo, na kikombe kilichokaa ghalani kwa miaka kikafika kwa mgonjwa kikiwa kimeanza kukauka na kupasukapasuka. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walihamia kwenye vifungashio visivyo na oksijeni, na baadaye wakaanza kuifungamanisha minyororo kwa makusudi, kuipasha joto ili kumaliza chembe huru, au kuongeza vitamini E ya kuzinasa.

Gesi ya oksidi ya ethilini hufanya kazi kwenye joto la chini, kwa kawaida nyuzi 37 hadi 63, na ndiyo njia inayoifaa skrubu yetu, mradi mzunguko upangwe chini ya joto la kulegea na unyevu uwe mdogo kadiri kazi ya kuua vijidudu inavyoruhusu. Gesi hii husababisha saratani, hivyo kifaa hupitishiwa hewa hadi masalia yashuke chini ya mipaka ya ISO 10993-7, na polima nene hushikilia gesi kwa muda mrefu kuliko nyembamba. Mvuke wa hidrojeni peroksidi ni haraka na safi zaidi, ila haufiki vizuri ndani ya mirija mirefu myembamba, na vifungashio vya karatasi huufyonza.

Hatua ya 5: Nunua malighafi pamoja na karatasi zake

Maneno "daraja la tiba" kwenye mfuko wa punje hayana maana moja ya kisheria. Dai taarifa za viambato, uzito wa molekuli na mtawanyiko wake, kiasi cha monoma iliyobaki (molekuli ndogo ambazo hazikuungana kuwa mnyororo), kichocheo kilichotumika (kwa polilaktidi, jina jingine la asidi ya polilaktiki, mara nyingi ni cha bati), na ahadi ya maandishi kwamba utaarifiwa fomula ikibadilika. Monoma iliyobaki si jambo dogo kwa skrubu yetu, kwani hulainisha polima na kuharakisha kuoza kwake. Uliza pia kama msambazaji anaruhusu bidhaa yake itumike katika vipandikizi vya kudumu; wengi hukataza, na ni afadhali kujua kabla ya kuchonga kalibu.

Hatua ya 6: Kausha, umba, safisha

Poliesta zenye unyevu zikiyeyushwa hujikata zenyewe ndani ya mashine. Kausha punje za polilaktidi ndani ya ombwe au hewa kavu hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 0.02, na uzihamishe bila kuziacha wazi. Tumia joto la chini kabisa linalojaza kalibu, na usiache plastiki ikae ndani ya pipa la mashine. Kisha pima uzito wa molekuli mara tatu: wa punje, wa kifaa kilichoumbwa, na wa kifaa kilichotakaswa. Tarakimu hizi tatu hueleza hali ya uzalishaji kuliko kipimo kingine chochote ninachokijua, na maabara nyingi hupima ya kwanza tu.

Usafi una mtego wake. Kutakasa huua bakteria lakini hakuondoi endotoksini, yaani masalia ya kuta za bakteria fulani, ambayo huleta homa hata vijidudu vikiwa vimekufa. Vyombo vya kioo huondolewa masalia hayo kwa joto kavu la nyuzi 250, joto ambalo lingeiangamiza skrubu. Kwa hiyo njia pekee ya maana ni kuzuia bakteria wasiote kwenye maji ya kuoshea na kwenye nyuso za kazi tangu awali.

Hatua ya 7: Pima kifaa kilichokamilika

Sampuli ziwe zimepita njia yote, pamoja na utakasaji. Anza na kemia: loweka kifaa katika vimiminika vinavyofaa na utambue kinachovuja, kwa sababu orodha ya vinavyovuja inaweza kupunguza vipimo vya wanyama. Kwa kipimo cha sumu kwa seli, mbinu ya kawaida ni kuloweka sampuli katika lishe ya seli kwa saa 24 kwenye nyuzi 37, kwa sentimita za mraba 6 za uso kwa kila mililita ikiwa unene ni chini ya milimita 0.5, au 3 ikiwa ni nene zaidi, kisha kuwapa seli kimiminika hicho. Uhai wa seli ukishuka chini ya asilimia 70 ya ule wa seli zisizotibiwa, ISO 10993-5 huhesabu kuwa kuna dalili ya sumu. Ikitokea hivyo kwa poliesta, pima pH kabla ya kuitupa; huenda ni asidi iliyojikusanya ndani ya chupa ndogo, ambayo mwilini ingesombwa na damu.

Vipimo vya uhisishaji (kuzua mzio), mwasho, upatanifu na damu na upandikizaji hufuata kulingana na kundi la hatua ya 1.

Kwa kuoza, zamisha skrubu nzima, zikiwa na unene wake halisi, katika bafa ya fosfati (kimiminika kinachozuia pH isibadilike upesi) ya pH 7.4 kwenye nyuzi 37, na kila pH inapotoka nje ya 7.2 hadi 7.6 badilisha bafa. Toa sampuli kwa vipindi, za mwanzo zikiwa karibukaribu, upime uzito wa molekuli, nguvu ya kukatika na msokoto, kisha uzito. Pima nguvu zikiwa bado na maji na zikiwa na joto la mwili, kwa sababu skrubu iliyokaushwa na kupimwa kwenye joto la chumba hutoa matokeo ya kupendeza yasiyo na uhusiano na goti.

Hatua ya 8: Kifungashio na muda wa kuhifadhi

Unyevu wa hewa huanza kazi ya mwili mapema, hivyo polima zinazoyeyuka hufungwa ndani ya karatasi ya alumini pamoja na kikausha unyevu. Lakini oksidi ya ethilini haipenyi alumini, kwa hiyo takasa kifaa kikiwa ndani ya mfuko unaopenya gesi, kipitishie hewa, ukikaushe, kisha ndipo ukifunge kwa alumini.

Uzeeshaji wa haraka hutegemea kanuni kwamba kasi ya mabadiliko huongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 10, na wengi hutumia nyuzi 55. Kwa polilaktidi joto hilo liko kwenye kizingiti cha kulegea, na matokeo yake hayatabiri chochote. Tumia nyuzi 40 au chini, na uanze siku hiyohiyo jaribio la muda halisi kwenye joto la ghala.

Hatua ya 9: Dhibiti mabadiliko

Weka sampuli za kila fungu la malighafi, na andika kabla ya uzalishaji ni mabadiliko yapi yatakayorudisha kazi kwenye hatua ipi. Msambazaji akibadili kiimarishaji, rudi kwenye kemia na seli. Kiwanda kikibadili joto la kuumbia, rudi kwenye uzito wa molekuli na kuoza. Kituo cha utakasaji kikibadili muda wa kupitisha hewa, rudi kwenye masalia ya gesi. Mabadiliko ya rangi ya kifaa yahesabiwe kuwa mabadiliko ya fomula, maana rangi nayo ni kiambato.